Muulize Binti Myahudi wa Nairobi: Ijumaa jioni, chapati na ng'ombe wa mahari

Haya jamani, habari zenu. Mhariri alipotangaza kwenye toleo lililopita kwamba mwezi huu safu ya maswali ataishika dada mmoja Myahudi anayeishi Nairobi, barua zikamiminika mpaka akanipigia kuniuliza kama bado nataka, nikamwambia lete tu. Kwa wasionijua: mi ni mzaliwa wa Mbale, Uganda, jamii ya Abayudaya, nilikuja huku kusomea uhasibu nikapata kazi nikabaki. Nafanya kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area, nakaa Kasarani na msichana mwenzangu Mluhya ambaye ameshazoea mambo yangu kuliko hata binamu zangu. Jina nimeliweka kando, si uoga, ni vile tu bosi wangu husoma hili jarida. Nimechukua maswali yanayorudiwarudiwa, mengine nimeyafupisha maana kuna watu wanaandika barua ndefu kama hotuba ya chifu.

SWALI: Sasa sista. Nimeambiwa wewe ni mweusi kama mimi tu. Myahudi mweusi anatoka wapi? Au ni mambo ya kujiita, kama wale jamaa wa mitaani wanaosema wao ndio kabila la Yuda lililopotea? (Msomaji, Thika)

JIBU: Poa sana. Hili ndilo limeulizwa kushinda yote kwa hiyo nivumilie niende mbali kidogo.

Mi sidai kwamba babu zangu walivuka Bahari ya Shamu na Musa. Stori yetu ina tarehe. Kulikuwa na jenerali mmoja Mganda, Semei Kakungulu, huyo ndiye aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda na ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale, akitegemea watamfanya mfalme wa huko. Wapi! Walimzungusha wee mwisho wakamwacha na cheo cha mshahara, akaudhika akajitenga nao. Akawa anaisoma Biblia ya Kiganda mwenyewe, bila mmishenari wa kumwambia ruka hapa soma pale, na kila akisoma anarudi kwenye vitabu vya Musa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, na wazee wetu husimulia kwamba alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, Mkristo hafanyi hivyo, akajibu basi kuanzia leo mimi ni Myahudi. Alifariki 1928. Waliobaki wakaendelea kushika Sabato pale chini ya Mlima Elgon, na sala na kalenda walifundishwa na Wayahudi wachache waliopita Uganda kikazi.

Halafu akaja Amin. Miaka ile ya sabini dini yetu ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu ili waishi, na waliobaki walikuwa mia tatu hivi wakisali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo Pasaka yetu ilikuwa inaingia, sikukuu ya kutoka utumwani, sasa hebu fikiria watu wa kijijini kwetu walivyoipokea. Hapo nawapa asante wasomaji wa Tanzania, jeshi lilikuwa lenu.

Mwaka 2002 wakaja marabi kutoka Marekani na Israeli wakakaa kama baraza, wakawahoji watu, mia kadhaa wakazamishwa majini kama sheria inavyotaka mtu akiingia Uyahudi. Mi nilikuwa katoto, ninachokumbuka ni baridi ya yale maji na mama akinivuta mkono. Rabi wetu Gershom Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles akawekwa wakfu 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho North, na wapiga kura wengi wa pale si Wayahudi kabisa. Sasa hivi tuko elfu mbili hivi au zaidi kidogo, sinagogi kubwa iko kilima cha Nabugoye.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nyinyi mmejiita", namwambia ndiyo bana. Kakungulu alijiita. Ruthu Mmoabi naye alijiita, na akawa mama wa babu yake mfalme Daudi. Na bibi yako aliyebatizwa akapewa jina la Margaret, yeye aliitwa na nani? Na kama tatizo lako ni rangi tu, waulize Wayahudi wa Ethiopia, mwezi Mei 1991 zaidi ya elfu kumi na nne walibebwa na ndege kupelekwa Israeli ndani ya siku moja na nusu.

SWALI: Dada yangu, kwa maelezo yako naona nyinyi ni Waadventista wa jina lingine. Sisi pia hatuli nguruwe wala kambale na Sabato yetu inaanza Ijumaa jua likizama. Tofauti ni nini? Na kazini unafanyaje? (Mama Brayo, Kisii)

JIBU: Mama Brayo, wallahi wewe ni ndugu! Niseme ukweli, nilipoanza kazi nikaomba ruhusa ya Jumamosi bosi akaniuliza "kwani wewe ni Msabato?" na mi nikasema eeh, ya kwangu ni kali kidogo, tukaelewana saa hiyohiyo. Ningeanza na Kakungulu tungekuwa bado tunaongea. Waadventista wametusafishia njia kwenye hii nchi, mimi nawapa heshima yao. Katiba ya Kenya kifungu cha 32 kinataja siku ya ibada waziwazi na kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani, na 2017 kanisa lenu ndilo lililoshinda kwenye Mahakama ya Rufaa ile kesi ya wanafunzi waliokuwa wanalazimishwa masomo Jumamosi. Kwa hiyo kijana wa imani yoyote akisumbuliwa, ajue hayo yapo.

Tofauti kubwa ni Yesu, hiyo unaijua, wala hatutagombana hapa. Tofauti ya kila siku ni kwamba kwetu Sabato ina orodha ya kazi zilizokatazwa, marabi wa zamani walizihesabu aina thelathini na tisa, na kuwasha moto ni mojawapo, ndiyo maana kuna wanaoona hata kubonyeza swichi ya taa ni kosa. Sigusi pesa, sipiki, siandiki, simu nazima. Enyewe hiyo ya simu ndiyo watu hawaamini. Msichana wa Nairobi bila simu kutoka Ijumaa hadi Jumamosi usiku! Mwanzoni marafiki walidhani nimewa-block, saa hii wanajua. Na mimi nitawaambia kitu, mi nikiwa na Tora, vile vitabu vya Musa, au bila Tora ile siku moja siwezi kuirudisha, kichwa kinapumua, hakuna meseji ya keateka kuhusu bili ya maji, hakuna grupu la darasa la nane linalotuma gudi moningi na maua. Stima ikipotea Ijumaa usiku nyumba nzima wanalalamika mi sina habari, mishumaa yangu ilishawaka kitambo.

Shida ni Ijumaa yenyewe. Mishumaa inatakiwa iwake kama dakika kumi na nane kabla ya jua kuzama na hapa kwetu karibu na ikweta jua linazama saa kumi na mbili na robo mpaka kumi na mbili na dakika arobaini na kitu mwaka mzima, hiyo ni baraka, maana Myahudi wa London mwezi Desemba anawasha kabla ya saa kumi jioni. Lakini London hawana Thika Road mwisho wa mwezi! Kutoka Industrial Area mpaka Kasarani Ijumaa unaweza kuzeeka ndani ya matatu. Kwa hiyo mkataba wangu na bosi ni huu, Ijumaa naingia kabla duka halijafunguliwa natoka saa tisa, na Jumapili ikihitajika kufunga hesabu za mwezi niko pale peke yangu na askari wa geti. Yeye anafurahi kwa sababu wengine wote Jumapili wako kanisani. Chakula kinakuwa kimepikwa Alhamisi usiku, tokeni za stima zimejazwa, pesa ya chama imetumwa.

Sinagogi la Nairobi lipo, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, Wayahudi wa hapa walikuwa na nyumba ya sala tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko wanafuata desturi ya kale, wanaume na wanawake hawakai pamoja, kwetu Nabugoye mwanamke anasimama anasoma Tora mbele ya watu, mimi nilisoma nikiwa binti mdogo na sauti ikitetemeka. Sikukuu kubwa naenda, Ijumaa za kawaida nasali nyumbani, maana kwenye Sabato tunatembea kwa miguu na Kasarani hadi mjini usiku hakuna mwenye akili atajaribu.

SWALI: Ni kweli Wayahudi ndio wanatawala mabenki yote ya dunia? (Bila jina)

JIBU: Mi nadaiwa Fuliza, ule mkopo wa simu. Swali linalofuata.

SWALI: Mwanangu, assalam aleikum. Mimi ni mama mtu mzima, Muislamu, nimekaa Kibokoni miaka yote. Mjukuu wangu kanisomea habari zako kwenye gazeti nikapata hamu ya kukuuliza. Sisi tuna halali, nyinyi mna yenu. Ukija kwangu utakula nyama yangu? Na nasikia kwenye Pasaka yenu hamli kitu cha hamira, basi si mle chapati? Chapati haina hamira. (Bi Mkubwa, Mombasa)

JIBU: Shikamoo bibi, waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa raha.

Nikija kwako nitakula wali, samaki, mchuzi wa nazi, maharage ya nazi, mahamri, tena mahamri nitabeba na mengine. Samaki sharti awe na mapezi na magamba, kwa hiyo changu na tasi sawa, lakini kamba, kaa na pweza unisamehe, na najua ukiwa Mombasa hapo ndipo utamu wote ulipo, nimeshawahi kukaa mezani Nyali wenzangu wakila kamba wa kukaanga mi nina chipsi.

Nyama ndiyo ngumu na sitaki uone ni dharau. Kwenu Kurani imewahalalishia chakula cha watu wa Kitabu, kwa hiyo kuku wangu wewe unaweza kumla ukipenda. Kwetu mlango haujafunguka upande wa pili, mchinjaji lazima awe Myahudi aliyesomea kazi hiyo, mapafu ya mnyama yakaguliwe, mshipa mkubwa wa paja utolewe, mafuta fulani yatolewe, halafu nyama ilowekwe na kutiwa chumvi mpaka damu itoke. Nairobi bucha ya namna hiyo sijaipata ya mfuko wangu. Kwa hiyo mi nyama nakula nikienda Mbale ambako tuna wachinjaji wetu, na nikirudi narudi na kuku wawili watatu waliogandishwa kwenye kibaridi, pale Malaba maafisa wananijua, "yule dada wa kuku". Siku nyingine zote ni ngege, omena, mboga, ndengu. Watu wananiuliza nyama choma huimisi? Naimisi jamani, mi si jiwe. Mutura siimisi, damu ndani ya utumbo, hapana, hata harufu nilishaizoea nikipita.

Na kuna lingine linalowashangaza wenzangu kazini, nyama na maziwa havikai pamoja. Saa nne ofisini inakuja sambusa ya nyama na chai ya maziwa, hapo kwangu kuna makosa mawili kwenye sahani moja. Nikiwa Mbale nimekula nyama mchana basi chai ni ya rangi mpaka jioni. Mkenya kuambiwa asinywe chai ya maziwa ni kama kuambiwa asipumue lakini unazoea.

Sasa chapati bibi, umeuliza swali la kirabi kabisa. Hamira siyo tatizo peke yake. Sheria ni kwamba unga wa ngano ukishaguswa na maji una dakika kumi na nane tu, uwe umekandwa, umesukumwa na umeiva, ukizidi hapo unahesabika umeanza kuumuka hata kama jicho halioni. Na unga wenyewe ulindwe usipate unyevu kabla. Chapati nzuri unajua mwenyewe lazima unga ulazwe, tena wengine wanaulaza saa nzima ndipo iwe laini. Ukiilaza tu umeshaharibu Pasaka. Ndiyo maana ule mkate wetu, matsa, unakuwa mkavu unavunjikavunjika kama kigae. Utotoni kwetu wakati wa kuuoka jikoni ilikuwa kelele tupu, mmoja anakanda, mmoja anasukuma, mmoja ameshika saa anapiga ukelele, na sisi watoto tukifukuzwa tusikaribie na vikombe vya maji.

Nikuombe kitu bibi. Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana tunaiaga Sabato kwa mshumaa, kikombe cha kinywaji, na manukato ya kunusa, na manukato yangu ni karafuu. Za supamaketi hazina nguvu. Mjukuu wako akija Nairobi nitumie za Pemba.

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Kanisa letu linaipenda Israeli, tuna bendera madhabahuni na tunafunga kila mwezi kwa ajili ya Yerusalemu. Tungependa uje Jumapili utubariki na upige baragumu, maana imeandikwa atakayewabariki atabarikiwa. Nauli tutatuma. (Mchungaji, Nakuru)

JIBU: Asante mchungaji, na nauli nashukuru. Sitakuja, na nitakwambia kwa nini bila kukuvunjia heshima.

Mialiko ya namna hii napata mingi. Kuna mahali nilikwenda nikiwa bado mwanafunzi kwa sababu rafiki alinisihi, nikaitwa mbele, watu wakapanga foleni wanigusie vitambaa, mama mmoja akaniletea picha za ardhi yake ana kesi mahakamani. Mimi ni mhasibu! Najua kurekebisha kitabu cha hesabu, kesi ya ardhi sijui. Na baragumu, lile la pembe ya kondoo, sisi tunalipiga kwenye Mwaka Mpya wetu na mwisho wa ile siku ya kufunga, mi mwenyewe nikijaribu inatoka sauti ya ng'ombe mgonjwa.

Ninachokiona ni kwamba kuna Myahudi wa kwenye Biblia na Myahudi wa kwenye televisheni, na watu wa Nairobi wananipima na mmojawapo. Wewe unampenda wa kwenye Biblia. Yule aliyeuliza habari za mabenki anamchukia wa kwenye uvumi. Wote wawili hawajaniuliza kodi ya nyumba nalipa ngapi. Mimi nikiona matatu ina bendera ya Israeli na maandishi ya Yerusalemu nyuma, naangalia kwanza kama breki zake ziko sawa.

Lakini ukija Nairobi mchungaji, wewe kama wewe, bila kanisa, tunywe chai. Naongea sana na siumi.

SWALI: Dada, tusipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Uko upande gani kwenye vita vya Gaza? (Kijana wa Temeke, Dar es Salaam)

JIBU: Nilijua utakuja. Tarehe 7 Oktoba 2023 walipouawa watu kama elfu moja na mia mbili Israeli kwa siku moja nililia, na kati ya waliouawa walikuwepo vijana wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo, hao mnawajua nyinyi vizuri kuliko mimi. Halafu Gaza wakafa makumi ya maelfu, watoto wengi mno, na hao pia nimewalilia na sitaki mtu aniambie nichague maiti za kulia. Serikali ya Israeli sikuipigia kura, sina pasipoti yake, na hata ningeitaka si rahisi, wizara yao ya mambo ya ndani ilishamkatalia mwenzetu mmoja wa Abayudaya aliyeomba kuhamia kama Myahudi. Kwa hiyo unaona kaka, mtaani naambiwa rudi kwenu Israeli, na Israeli wanauliza wewe ni nani.

Je naipenda ile nchi? Naipenda. Nasali nimeelekea kule tangu nikiwa mtoto, sala zetu zimejaa mvua zao na zabibu zao. Je, nakubaliana na kila wanachofanya? Hapana, na Wayahudi wenyewe wanabishana juu ya hilo usiku na mchana. Lakini nisichokubali ni kusimamishwa kwenye foleni ya kantini nitoe maelezo ya ndege za kivita kabla sijapewa maharage. Mwenzangu Msomali kazini alinielewa upesi sana, aliniambia kila bomu likilipuka Nairobi yeye ndiye huulizwa. Tunakula pamoja, yeye halali yake mi omena zangu.

SWALI: Ni ukweli kwamba Wayahudi walitaka kupewa Eldoret? Mwalimu wetu alisema ni Uganda. (Mwanafunzi, Uasin Gishu)

JIBU: Mwalimu hajakosea sana. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alitoa pendekezo Wayahudi waliokuwa wanauawa Urusi wapewe makazi Afrika Mashariki, ikaitwa mpango wa Uganda kwa sababu eneo hilo lilikuwa limetolewa Uganda mwaka mmoja tu kabla, lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, yaani hapo kwenu. Wakatuma watu kuangalia, na 1905 mkutano wao ukaukataa mpango. Wanandi waliokuwa wakiishi na ng'ombe wao pale hakuna aliyewauliza, hilo liandike kwenye kitabu chako kwa wino mwekundu. Na Kakungulu hakuhusika kabisa, yake ilikuja miaka mingi baadaye.

SWALI: Mambo vipi mrembo. Mimi ni kijana Mjaluo, nina kazi, Mkristo wa kawaida. Nikitaka kumuoa Myahudi wa kwenu nifanyeje? Mnalipa mahari? Au ni lazima nitahiriwe? (Aliye serious, Kisumu)

JIBU: Aliye serious, karibu ukae.

Mahari tunalipa, sisi ni Waafrika. Ng'ombe, mbuzi, kanzu ya baba, gomesi ya mama, shangazi msumbufu, vyote vipo. Juu yake kuna mkataba wa ndoa wa Kiyahudi ambao mume ndiye anaahidi kumpa mke kitu endapo wataachana, kwa hiyo kwetu bwana harusi analipa mara mbili, moja kwa wazazi na moja kwa karatasi. Mjomba wangu huwa anasema hapo ndipo wachumba wengi hupotelea.

Dini ndiyo yenye kazi. Kwa sheria yetu mtoto anafuata mama, kwa hiyo watoto wangu watakuwa Wayahudi hata baba akiwa nani, lakini rabi wetu hawezi kufungisha ndoa kama mmoja si Myahudi. Wapo wanaokwenda kwa msajili wa ndoa wa serikali. Wapo wanaume wanaoamua kuingia, na hiyo ni masomo ya muda mrefu, baraza la watu watatu, maji, na ndiyo kaka, kisu. Najua kwa Wajaluo tohara haikuwa desturi ingawa siku hizi wengi wamefanya hospitali kwa ajili ya kinga. Sisi mtoto wa kiume ni siku ya nane tu, na hata Mbale hiyo imetuletea maneno, maana majirani zetu Wagisu kijana anatahiriwa mkubwa amesimama mbele ya watu wote, mwaka usiogawanyika na mbili unapita bure, kaka zangu walikuwa wakichekwa shuleni kwamba walikatwa wakiwa wamelala.

Maoni yangu mimi? Mama yangu anataka Myahudi. Huku Nairobi wa umri wangu ambao hawajaoa nawahesabu kwa vidole, na wengine ni wa ubalozi wanaondoka baada ya muda. Nilishatoka na Mkristo mmoja mzuri sana, tukaachana si kwa ajili ya Mungu, tukaachana kwa sababu kila Jumamosi kwake ilikuwa mpira na marafiki na kwangu ilikuwa kimya, tukawa tunaonana Jumatano tu kama kliniki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kisu jiulize Jumamosi zako ziko wapi.

SWALI: Mazishi mengi huku kwetu magharibi ni Jumamosi. Wewe huendi? Si watu watasema una roho mbaya? (Nafula, Bungoma)

JIBU: Naenda. Nafika Ijumaa mchana, nalala kwa wenyewe, Jumamosi niko pale nimekaa na akina mama. Mchango natuma mapema wiki hiyo, ile ya kutoa pesa mbele ya mikrofoni sifanyi na watu wa boma hilo wakishaelezwa wanaelewa. Kurudi ni Jumapili. Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine Nafula, sisi tunazika haraka, ikiwezekana siku ya pili tu, sanda nyeupe na jeneza la kawaida la mbao, halafu familia inakaa chini siku saba watu wakija kuwapikia. Nikiona maiti imekaa mochari wiki tatu, kamati inakutana hotelini kila jioni, bili inapanda na mjane anatafuta sare ya kitambaa, roho inaniuma. Kwa hili Waislamu na sisi tuko sawa, na sioni haya kusema tuko sahihi.

SWALI: Rafiki yangu Myahudi amenialika Ijumaa usiku. Nivae nini, nibebe nini, nisiseme nini? (Wambo, South B)

JIBU: Vaa kama unakwenda kumsalimia mama mkwe lakini mnayependana. Usibebe keki ya duka wala nyama ya aina yoyote, beba matunda mazima, hayakosei. Maua pia, lakini yalete Ijumaa asubuhi au yakiwa tayari kwenye chombo. Utakuta mikate miwili imefunikwa kitambaa, usiifunue. Wakinawa mikono kabla ya mkate wanakaa kimya hawaongei mpaka waumege, usidhani wamekukasirikia, na usijaze hicho kimya na stori. Wakianza kuimba piga meza tu hata kama hujui maneno. Ukienda msalani usizime taa ukitoka, hiyo ndiyo kila mgeni huifanya na wenyewe watakaa gizani kwa adabu bila kukwambia.

Na fika kabla ya saa kumi na mbili. Ukichelewa simu zitakuwa zimezimwa, hakuna wa kukupokelea, na utabaki kumbembeleza askari wa geti ambaye ameambiwa asifungulie mtu asiye kwenye orodha.